Mlima Hupandwa kwa Meno: Baiskeli katika Miji ya Vilima

Barabara inayopanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini huwashusha wengi kwenye siti. Ndivyo ilivyo pia Kimihurura mjini Kigali, na kwenye vichochoro vya miamba vya Mwanza. Mtu anaendesha vizuri tu kwenye tambarare, anafika mguu wa mlima, anasimama juu ya pedali, anajivuta mara tano sita, kisha anateremka na kuanza kusukuma. Wanaomwona husema hana mazoezi, au kwamba mji huo haukuumbiwa baiskeli. Mara nyingi yote mawili si kweli. Baiskeli aliyouziwa ilitengenezewa tambarare, na hesabu ya meno ya gia zake haiwezi kumpandisha mtu wa uzito wa kawaida hata awe na miguu ya chuma.

Upande wa pili wa mlima kuna jambo zito zaidi, nalo huzungumzwa kidogo sana. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoua.

Kwanza, mlima wenyewe ni mkali kiasi gani?

Ukali wa mlima hupimwa kwa asilimia. Ukienda mita 100 mbele na kupanda mita 8, huo ni mwinuko wa asilimia 8. Usichanganye na nyuzi: asilimia 8 ni kama nyuzi 4.6 tu, na asilimia 100 ni nyuzi 45, ukuta ambao hakuna barabara ya mji inayoufikia. Jicho hudanganya sana hapa. Karibu kila mtu akiulizwa hukadiria mara mbili au tatu ya ukweli.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji simu ya bei. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji ya fundi ujenzi. Laza ubao barabarani kuelekea juu ya mlima, inua ncha ya chini mpaka pima maji ionyeshe usawa, kisha pima kwa rula pengo lililobaki kati ya ncha hiyo na lami. Kila sentimita 1 ya pengo ni asilimia 1. Rudia mahali patatu au pane, kwa sababu mlima wa wastani wa asilimia 6 huweza kuwa na kipande kimoja cha 11 katikati, na kipande hicho ndicho kitakachokushusha.

Kigali sasa ina vipimo vinavyojulikana, kwa sababu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko Septemba 2025, yakiwa ya kwanza Afrika. Mlima wa Kimihurura, wa barabara ya mawe, una urefu wa kilomita 1.3 kwa wastani wa asilimia 6.3. Ule wa Kigali Golf ni mita 800 kwa asilimia 8.1. Ukuta wa Kigali, nao wa mawe, ni mita 400 tu lakini kwa asilimia 11. Wanaume waliomaliza mbio ndefu za barabarani walikuwa wamepanda jumla ya zaidi ya mita 5,400 ndani ya kilomita 267. Mtu anayewahi kazini hahitaji miguu yao. Anachohitaji ni gia nyepesi kuliko zao, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: baiskeli ya kawaida ya mjini ina gia nzito kuliko ile ya bingwa wa dunia anapopanda.

Wati 100

Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa nguvu ya takriban wati 100 kwa muda mrefu bila kuhema vibaya. Anaweza kutoa 200 kwa dakika chache, lakini atafika ofisini shati limelowa. Tuishike hiyo 100.

Chukua mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya chuma ya kilo 20. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, anatumia wati 60 hivi, zikiliwa na upepo na msuguano wa matairi. Ndiyo maana baiskeli hupendwa: kazi ni ndogo. Kwenye mwinuko wa asilimia 8 upepo hauna maana tena. Karibu nguvu yote inakwenda kunyanyua kilo 90. Kwa wati 100 mwendo wake unashuka hadi kilomita 4.5 kwa saa, kasi ya mtu anayetembea kawaida. Kwenye asilimia 6.3 ya Kimihurura atakwenda 5.6, afike juu kwa dakika 14. Kwenye ukuta wa asilimia 11 atakwenda 3.4, na kwa mwendo huo gurudumu la mbele huanza kuyumba na kumtupa pembeni. Hapo kusukuma si aibu. Ni uamuzi sahihi.

Kwa hiyo mpaka upo karibu na asilimia 8 hadi 9. Chini ya hapo, mtu wa kawaida asiye na mzigo anapaswa kupanda akiwa amekaa. Akiongeza kilo 50 za mkaa au maziwa kwenye keria, mwendo kwenye asilimia 8 unashuka hadi kama kilomita 3 kwa saa, na mpaka wake unarudi chini hadi asilimia 4 au 5. Ukiona mchuuzi anasukuma mlima ambao kijana mwenye begi anaupanda, usimcheke.

Sasa swali: mbona hata huyo asiye na mzigo anashindwa kwenye asilimia 8, na wakati nguvu anayo?

Meno

Baiskeli nyingi za kubebea mizigo Afrika Mashariki, za Kichina na za Kihindi, zina gia moja: sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, yenye meno 48 au 44, ya nyuma yenye meno 18 hadi 20, na magurudumu ya inchi 28. Hesabu yake ni hii. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.23. Kwa 48 na 18, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 6.

Mita 6 kwa mzunguko mmoja, kwenye mwinuko wa asilimia 8, maana yake kila mzunguko lazima unyanyue baiskeli na mwenyewe karibu nusu mita kwenda juu. Mguu wenyewe husafiri mita 1 na kidogo tu katika mzunguko huo. Ukipiga hesabu, pedali inadai msukumo wa wastani wa uzito wa kilo 46 muda wote. Lakini mguu hausukumi sawasawa: pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa hausukumi chochote, kwa hiyo pale katikati lazima usukume kwa zaidi ya kilo 70. Mwendeshaji ana kilo 70. Hata akisimama kwa mguu mmoja juu ya pedali kwa uzito wake wote, haitoshi. Inambidi auvute usukani kwa mikono ili ajikandamize chini. Na kwa kuwa kwa wati 100 pedali zinazunguka mara 13 tu kwa dakika, kila zinapopita juu na chini baiskeli inataka kusimama. Nguvu anayo. Kinachokosekana ni njia ya kuitoa kidogo kidogo.

Gia haipunguzi kazi ya kupanda mlima hata chembe. Inaigawa tu, kama ngazi inavyogawa kimo cha nyumba. Ukichukua baiskeli ya mlimani ya mtumba yenye magurudumu ya inchi 26, uweke sproketi ndogo ya mbele ya meno 28 na kubwa ya nyuma ya meno 28, mzunguko mmoja unakusogeza mita 2.07. Msukumo wa wastani unakuwa kilo 16, wa juu kabisa kilo 25. Mtu yuleyule na mlima uleule, sasa anapanda amekaa.

Tukitoka kwenye hesabu kwenda kwa fundi: ufanye nini na baiskeli ya gia moja uliyonayo?

Badili friwili, yaani sproketi ya nyuma, kwanza, kwa sababu ndiyo nafuu kuliko yote. Tafuta ya meno 22 badala ya 18. Msukumo unashuka kutoka kilo 46 hadi 38. Ukiweza kupata na ya mbele ya meno 44, unafika 35, na kilele chake ni kilo 55, ambazo mtu wa kilo 70 anaweza kuzitoa bila kuuvuta usukani. Wengi huogopa kwamba watakuwa wazito kwenye tambarare. Hapana. Kwa 44 na 22, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 16 kwa saa, na mjini wachache ndio wanaokwenda zaidi ya hapo kwa muda mrefu.

Friwili ya gia moja hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, kwa kifaa chenye meno mawili au manne yanayoingia kwenye mapengo yake. Bana kifaa hicho kwa nati ya ekseli kabla ya kukaza spana, la sivyo kitaruka na kulamba mapengo, na baada ya hapo fundi atatumia patasi na nyundo na friwili hiyo haitafaa tena. Paka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga mpya. Kila kanyagio la mlimani litaikaza zaidi, na friwili iliyofungwa kavu huwa haitoki.

Meno 4 zaidi nyuma hula inchi 1 ya cheni. Ikiwa ekseli ina nafasi ya kusogea mbele milimita 13 hivi kwenye mpasuo wa fremu, cheni ileile itatosha. Isipokuwepo, ongeza kiungo kamili, yaani kipande cha ndani na cha nje. Kosa linalosahaulika ni hili: gurudumu la nyuma likisogea mbele, raba za breki hazigusi tena pale zilipokuwa zikigusa. Baiskeli ya breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fito badala ya waya, ikibadilishwa friwili bila kurekebishwa breki, fundi ameitengeneza ipande na kuiharibu isiweze kusimama. Cheni ikishafungwa, isukume katikati kwa kidole: ichezee kati ya sentimita 1 na 1.5.

Sproketi ya mbele ya baiskeli hizi hushikana na krenki, yaani mkono wa pedali, ya kulia, na krenki hufungwa kwa pini ya chuma yenye ubapa upande mmoja. Kuitoa, legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, tegemeza krenki chini kwa bomba au gogo gumu, ndipo ugonge. Anayegonga bila tegemeo hupeleka kila pigo kwenye gololi za ndani, na mwezi mmoja baadaye pedali zinacheza. Pini mpya zikazwe tena baada ya siku mbili tatu za kuendesha. Kupanda mlima kwa pini iliyolegea huila ikawa mviringo.

Kuna njia ya kati ambayo inastahili kupendwa zaidi kuliko inavyopendwa: gia tatu zilizofichwa ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma. Sturmey-Archer, walioanzia Nottingham, Uingereza, na sasa wako Taiwan, wamekuwa wakizitengeneza tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Gia ya chini hupunguza kila kitu kwa robo, kwa hiyo 44 na 22 inakuwa kama mita 3.3 kwa mzunguko na msukumo wa kilo 26. Vumbi na tope haviingii, na unaweza kubadili gia hata baiskeli ikiwa haitembei. Ila waya wake ukilegea, zile za zamani huwa na pengo kati ya gia ya pili na ya tatu ambamo pedali huzunguka bila kushika kitu. Likikukuta umesimama juu ya pedali, utaangukia bomba la juu la fremu, na maumivu yake hayahitaji maelezo.

Kwa mwenye gia nyingi, shida kubwa ni kuchelewa kubadili. Cheni huhamishwa wakati mguu hausukumi sana. Anayesubiri mpaka pedali zimegoma ndipo abonyeze huibana cheni kati ya meno mawili huku akiikandamiza kwa kilo 70, na ndipo inapokatika au kuruka. Badili mita kumi kabla ya mlima kuanza. Pima pia uchakavu kwa rula: vipande 24 vya cheni mpya ni milimita 304.8. Vikifika 306.5, badili cheni. Ukisubiri hadi 308, meno ya nyuma yatakuwa yameshaliwa na cheni mpya itaruka juu yake, hasa mlimani. Na usikubali kuuziwa cheni ya gia nyingi kwa ajili ya baiskeli ya gia moja. Ni nyembamba, haikai kwenye meno mapana.

Njia ndefu si ndefu sana

Watu wengi huchagua njia fupi kwenda juu kwa sababu ndiyo wanayoitumia kwa miguu. Kwenye baiskeli hesabu hubadilika. Tuseme unatakiwa kupanda mita 40. Njia ya moja kwa moja ni mita 500 kwa asilimia 8. Ya kuzunguka ni mita 1,000 kwa asilimia 4. Kwa wati 100, ya kwanza inakuchukua dakika 6 na nusu, ya pili dakika 7 na sekunde 20. Umeongeza umbali mara mbili na umepoteza chini ya dakika moja. Isitoshe, kwenye njia ya pili unakwenda kilomita 8 kwa saa, mwendo ambao ni rahisi kuiweka baiskeli wima, badala ya 4.5 ambao unayumba mbele ya malori.

San Francisco, mji wa Marekani unaojulikana kwa miteremko, una njia ya namna hii iitwayo Wiggle. Inakata kona baada ya kona bondeni kati ya vilima kutoka Market Street kuelekea Golden Gate Park, na waendesha baiskeli wa huko hawakuibuni. Maji ndiyo yaliyoichora: inafuata mkondo wa kijito cha zamani. Huo ni ufunguo unaofaa mji wowote wa vilima. Ukitaka kujua baiskeli ipite wapi, angalia maji ya mvua yanapokimbilia na reli ilipopita. Wajenzi wa reli walilazimika kukwepa miinuko mikali, na maji hukusanyika kwenye njia ya bonde.

Mamlaka za miji nazo zina la kufanya, na si lazima liwe la fedha nyingi. Barabara ikiwa nyembamba, nafasi ya njia moja tu ya baiskeli iwekwe upande wa kupanda. Anayepanda huenda polepole na anayumba, anahitaji nafasi yake. Anayeshuka anakaribia mwendo wa magari na anaweza kwenda nayo. Seattle imefanya hivyo kwenye mitaa mingi ya vilima. Pale penye ngazi, mfereji mwembamba wa zege au chuma pembeni ya ngazi, wa kupitisha matairi, unaokoa dakika kumi za kuzunguka, mradi usikae karibu sana na ukuta mpaka pedali ikakwaruza. Trondheim, Norway, ilikwenda mbali zaidi: tangu 1993 kuna mtambo uitwao Trampe kwenye mlima wa Brubakken, wa mita 130, ambao unaweka mguu mmoja kwenye bamba la chuma nao unakusukuma hadi juu ukiwa juu ya baiskeli. Ulijengwa upya 2013. Unapendeza, lakini ni dawa ya mlima mmoja.

Baiskeli ya umeme inabadilisha hesabu kweli, na hapa tahadhari ni moja. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kumnyanyua mtu na baiskeli, jumla kilo 100, kwa kimo cha mita 100 hula wati-saa 27, na ukiongeza upotevu ndani ya mota inakuwa kama 36. Kwa hiyo betri hiyo, ukiiachia kazi yote, inakupandisha mita 1,000 kwa chaji moja. Kwa mji mwingi inatosha. Lakini mota iliyo katikati ya gurudumu haitumii gia za baiskeli. Kwenye mlima mkali inazunguka polepole, na sehemu kubwa ya umeme inageuka joto badala ya mwendo. Usiiachie kazi yote kwenye asilimia 10. Isaidie kwa miguu mpaka mwendo upande juu ya kilomita 10 kwa saa, au chagua yenye mota kwenye pedali, ambayo hutumia gia zilezile unazotumia wewe.

Kushuka

Barabara kuu kutoka Bujumbura kwenda Bugarama inapanda kutoka usawa wa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi, hadi zaidi ya mita 2,000. Waendesha baiskeli wa Burundi hushika nyuma ya malori kwenda juu, kisha hurudi mjini na mikungu ya ndizi. Walimwengu hupiga picha za kule kupanda. Tupige hesabu ya kule kurudi. Mtu, baiskeli na ndizi, tuseme kilo 170, wakishuka mita 1,200, nishati inayopaswa kuondolewa njiani inatosha kuchemsha lita 6 za maji ya bomba. Sehemu inachukuliwa na upepo, na inayobaki yote inapita kwenye vipande vinne vya raba.

Hata bila ndizi, kwenye asilimia 8 kwa kilomita 30 kwa saa, breki za mtu wa kawaida zinameza wati 325 mfululizo, theluthi ya pasi ya umeme. Ukimwongezea kilo 60 zinakuwa 670. Ukiachia breki kabisa, upepo unakuzuia ukifika karibu kilomita 50 kwa saa, na huo ndio mwendo wa anayekatikiwa waya.

Lakini kinachowashtua wengi ni hesabu ya kusimama. Breki za vyuma zenye rimu ya kromu, zikilowa mvua, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Tuseme zinabaki na uwezo wa kukuzuia kwa asilimia 15 ya uzito. Kwenye tambarare, kutoka kilomita 30 kwa saa, zitakusimamisha ndani ya mita 24. Kwenye mteremko wa asilimia 8, mlima unakula 8 kati ya hizo 15, inabaki 7, na sasa unahitaji mita 50. Breki nzuri yenye uwezo wa asilimia 50 inatoka mita 7 kwenda mita 8 na nusu tu. Mteremko haumwadhibu kila mtu sawa. Huwaadhibu wenye breki mbovu, na ikiwa breki ni mbovu kuliko mteremko wenyewe, hakuna umbali utakaotosha.

Kwa hiyo, kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua rimu ya alumini na breki za waya za mikono mirefu kwa gurudumu la mbele kabla ya kufikiria gia. Gurudumu la mbele ndilo linalobeba kazi kubwa ya kusimama, kwa sababu uzito wote unahamia mbele. Imani kwamba breki ya mbele hupindua mtu ina ukweli mdogo: hupindua anayeikamata kwa ghafla akiwa ameegemea usukani. Rudisha makalio nyuma ya siti, nyoosha mikono, bana taratibu ukiongeza, nawe hupinduki.

Breki ya kurudisha pedali nyuma ni nzuri kwenye tambarare na mbaya kwenye milima mirefu. Iko nyuma tu, grisi yake huungua, na cheni ikitoka huna breki tena. Breki za diski zinafaa sana kwenye mvua, lakini haziwezi kubandikwa kwenye fremu isiyo na masikio yake, na za mafuta hazina mafundi wengi. Za waya zinatosha.

Joto nalo lina ujanja wake. Rimu inapopata moto, gundi ya viraka hulainika na hewa ndani hupanuka, na tyubu yenye viraka vingi huachia katikati ya mteremko. Kwenye mteremko wa zaidi ya kilomita 2 na mzigo, simama kila baada ya dakika chache na udondoshe tone la maji kwenye rimu. Likichemka, kaa chini ya mti. Usimwage maji mengi kupoza haraka, yatafanya raba ziteleze kwenye mita za kwanza. Wakati wa kushuka, bana kwa nguvu kwa sekunde chache, achia, bana tena, badala ya kuburuza breki muda wote. Mvua ikinyesha, gusa breki kidogo mita thelathini kabla ya pale unapotaka kuzitumia, ili rimu ijipanguse.

Ukaguzi wenyewe unachukua dakika mbili, na ufanyike juu ya mlima, si nyumbani. Bana mkono wa breki kwa nguvu zote: ukigusa usukani, waya umelegea. Angalia waya pale unapoingia kwenye mkono, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zake hukatika moja moja. Uzi mmoja uliosimama kama mwiba unatosha kuubadili. Raba zikifika mwisho wa mifereji yake, zimekwisha. Pitisha kidole kando ya rimu ya alumini: ikiwa imechimbika kama sahani, ukuta wake umekuwa mwembamba na siku moja utapasuka kwa hewa ya tairi. Mwisho, sukuma baiskeli mbele huku umebana breki ya mbele tu. Gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Lisiponyanyuka, shuka kwa miguu.